Nani anatutambulisha? Masomo ya makabila na utambulisho katika vyuo vikuu



Mtu anapofika kambini, au kwa familia inayompokea, huulizwa kwanza jina lake, kisha mahali alikotoka. Swali la tatu mara nyingi halimo katika fomu. Linakuja kwa kuzunguka: nyumbani mnasema lugha gani? Babu yako aliitwa nani? Wazee wenu wamezikwa kilima gani? Anayeuliza anatafuta kabila. Wengi wenu mmejifunza kujibu kwa uangalifu, kwa sababu jibu moja linaweza kukupatia sahani ya bugali hapa, na jibu lilelile likakupatia panga kwenye kizuizi cha barabara.

Sasa kuna vijana wanaokwenda chuo kikuu kusomea swali hilohilo. Baadhi yao ni watoto wa familia za Kongo zilizopokelewa Marekani. Katika mwaka wa bajeti wa 2016 peke yake nchi hiyo ilipokea wakimbizi Wakongomani zaidi ya 16,000, na wengine walifuata hadi mpango huo uliposimamishwa kwa karibu wote Januari 2025. Watoto hao wanapiga simu nyumbani na kusema wanasoma masomo ya makabila, au ya tamaduni nyingi, au ya utambulisho. Mzazi anayesikia hayo ana haki ya kushangaa: tumekimbia ukabila, na wewe unakwenda kuusomea? Katika toleo hili tunajaribu kumjibu mzazi huyo.

Vitendo vitatu vya mzizi mmoja

Neno utambulisho limetoka kwa kutambua, na mzizi huo unazaa vitendo vitatu ambavyo ni vizuri kuvitenganisha. Kuna kujitambulisha: mimi mwenyewe nasema mimi ni nani. Kuna kutambulishwa: mwingine anasema mimi ni nani, nami nimesimama kimya. Na kuna kutambuliwa: jirani, mzee wa kimila au serikali inakubali kwamba nilivyosema ndivyo nilivyo. Ugomvi mwingi tunaoujua unaanzia pale vitendo hivyo vitatu visipopatana. Mama anasema, mimi ni mtu wa hapa, nilizaliwa hapa. Jirani anasema, wewe ni wa ng'ambo. Ofisi inasema, lete karatasi.

Masomo haya yanachunguza mahali hapo pa kutopatana. Hayamfundishi mwanafunzi kupenda kabila lake kuliko la mwenzake. Hilo hakuhitaji kulifuata mbali. Yanamfundisha kuuliza: jina hili la kundi lilitoka wapi, nani alilitoa, mwaka gani, na nani alipata faida?

Mgomo wa San Francisco

Vyuo vikuu havikuanzisha masomo haya kwa hiari. Huko San Francisco, katika jimbo la California, wanafunzi wa chuo cha serikali waligoma kuanzia tarehe 6 Novemba 1968 hadi Machi 1969. Ni mgomo wa wanafunzi mrefu kuliko wote katika historia ya Marekani. Waliouongoza walikuwa chama cha wanafunzi Weusi, pamoja na muungano wa wanafunzi wengine waliojiita watu wa Ulimwengu wa Tatu: wenye asili ya Mexico na nchi jirani zake, ya China, ya Japani, ya Ufilipino, na wenyeji wa kwanza wa Marekani. Walikuwa wakifuata kwa karibu habari za ukombozi wa Afrika na kuvisoma vitabu vya Frantz Fanon.

Malalamiko yao yalikuwa rahisi kueleza. Wazazi wao walijenga reli, walichuma pamba na matunda, walilipa kodi iliyokiendesha chuo. Lakini darasani hawakuwemo, na walipotajwa, walitajwa kama tatizo lililochunguzwa na watu wengine. Walitaka idara zao, walimu waliowachagua wao, na milango ifunguliwe kwa vijana wengi zaidi wa mitaa maskini. Kilichowasha moto ni kusimamishwa kazi kwa mwalimu mmoja wa Kiingereza, George Murray, aliyekuwa pia kiongozi katika chama cha Black Panther.

Mkuu wa chuo alijiuzulu mwezi huohuo wa Novemba. Aliyewekwa mahali pake alikuwa S. I. Hayakawa, msomi wa lugha, mzaliwa wa Kanada, mtoto wa wazazi kutoka Japani. Tarehe 2 Desemba alipanda juu ya gari la wagomaji lenye vipaza sauti na kung'oa nyaya kwa mikono yake mwenyewe. Watu wengi walipenda ukali wake, na baadaye akachaguliwa kuwa seneta. Tunamtaja kwa makusudi. Ukijua tu kwamba mtu ni wa asili fulani, bado hujajua atasimama upande gani. Jambo hilo mnalijua ninyi kuliko sisi, lakini husahaulika haraka wakati wa vita.

Polisi waliingia chuoni mara nyingi. Tarehe 23 Januari 1969 walikamata watu zaidi ya 400 kwa siku moja. Mgomo ulimalizika kwa mapatano, na si kila dai lilikubaliwa: George Murray hakurudishwa, wala Nathan Hare, mwanasosholojia aliyeajiriwa kuandaa masomo ya watu Weusi. Lakini mwishoni mwa 1969 shule ya masomo ya makabila ilifunguliwa, yenye idara nne chini ya paa moja. Mpaka leo ipo. Mwaka 2020 jimbo la California lilipitisha sheria kwamba kila mwanafunzi anayetafuta digrii ya kwanza katika vyuo vya mfumo ule ni lazima asome angalau somo moja la aina hii.

Kiswahili chetu nacho kilipata nafasi katika miaka hiyo. Mwaka 1966, huko Los Angeles, Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa, akaipa misingi saba yenye majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Wamarekani Weusi wengi walianza kujifunza Kiswahili, ingawa babu zao wengi walichukuliwa kutoka pwani ya magharibi ya Afrika na kutoka Kongo na Angola, mahali ambapo Kiswahili hakikusemwa. Walikichagua. Utambulisho wa kuchagua nao ni utambulisho, na chuo kikuu kinauchunguza kama ule wa kurithi.

Jina la kupewa na jina la kujipa

Tuchukue mifano mitatu ili msomaji aone kazi ya darasani ilivyo.

Wa kwanza unatoka hukohuko California. Kabla ya 1968, wazaliwa wa familia za Kichina, Kijapani na Kifilipino waliitwa na Wazungu watu wa Mashariki. Mwaka ule, katika mji wa Berkeley, Yuji Ichioka na Emma Gee walianzisha chama na kukipa jina jipya: Wamarekani wenye asili ya Asia. Jina hilo lilikuwa la kujipa. Kumbukeni pia kwamba majeshi ya Japani yalikuwa yameivamia China na Ufilipino miaka 30 tu kabla ya hapo. Wazazi wa vijana hao walikuwa na makaburi kati yao. Watoto walikaa kwenye kiti kimoja kwa sababu ubaguzi uliowapata Marekani haukuwauliza babu alitoka wapi.

Wa pili ni wa Kongo. Jina Bangala lilianza kwa watu wachache wa mtoni, karibu na mahali panapoitwa leo Makanza. Stanley alipigana nao mwaka 1877 aliposhuka mto. Baadaye serikali ya Leopold ilijenga kituo pale, ikaandikisha askari na wafanyakazi, na jina likasafiri pamoja nao. Polepole kila mtu aliyeshuka kutoka mto wa juu akaitwa Mngala. Karibu na uhuru, mjini Kinshasa, siasa ilikuwa inazungumzwa kana kwamba kuna makundi mawili makubwa, Bakongo na Bangala. Wasomi walipokwenda kulitafuta kabila kubwa la Bangala kule mtoni, walikuta makabila mengi yenye majina yao wenyewe, ambayo mengine hayakuwahi kujiita hivyo nyumbani. Jina la kupewa lilikuwa limegeuka kitu halisi, chenye wapiga kura na maadui.

Wa tatu uko mdomoni mwenu. Kiswahili cha mashariki ya Kongo kiliitwa kwa muda mrefu Kingwana, yaani lugha ya waungwana. Kilifika Maniema na misafara ya pembe za ndovu na watumwa, wakati wa Tippu Tip, ambaye ngome zake zilikuwa Kasongo na Nyangwe. Watu wengi wa Maniema, wengine wakiwa wametekwa au wamezaliwa na waliotekwa, walijiita wangwana, watu huru. Neno la kujipa, tena la kujipa heshima. Lugha iliyokuja na minyororo ndiyo leo tunayotumia kupatanisha vijiji. Hatusemi hili ili kuupamba utumwa. Tunasema kwa sababu mwanafunzi anayeelewa historia hiyo hatakubali kirahisi mtu akimwambia kwamba kabila fulani "lilikuwa hivi tangu mwanzo".

Tarehe nne za sheria

Hapa ndipo masomo haya yanapogusa chakula na shamba. Nchini mwetu swali la nani ni Mkongomani limejibiwa na sheria kwa tarehe tofauti. Katiba ya 1964 ilidai mtu awe na mzee wake aliyekuwa wa kabila lililokaa Kongo kabla ya 18 Oktoba 1908. Sheria ya Januari 1972 iliwapa uraia watu waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu kabla ya 1 Januari 1950. Sheria ya 1981 ilifuta hilo na kurudi nyuma hadi 1 Agosti 1885. Sheria ya 12 Novemba 2004, na baada yake Katiba ya 2006, ilichukua 30 Juni 1960, siku ya uhuru.

Familia moja, bila kuhama hata shamba moja, iliweza kuwa raia mwaka 1975, kupoteza uraia mwaka 1981, na kuurudishiwa mwaka 2004. Mababu walikuwa walewale na mashamba yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni karatasi iliyopigwa saini Kinshasa. Hatuandiki haya kuitetea familia yoyote wala kuilaumu. Mnajua ni damu kiasi gani imemwagika juu ya jambo hili, pande zote. Kijana aliyezisoma tarehe hizo anaweza kukaa na wazee wa vijiji viwili na kuwauliza wanazungumzia sheria ipi. Asiyezisoma atabaki na kelele tu: mwenyeji, mgeni.

Mji ulioandika habari zake

Mtu asidhani kwamba kazi hii ni ya Wamarekani tu. Lubumbashi ulikuwa mji wa watu waliotoka mbali. Kampuni ya Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, kutoka Ruanda-Urundi, kutoka nchi inayoitwa leo Zambia. Mwaka 1965 wafanyakazi wa zamani wa nyumba za Wazungu, wale walioitwa maboyi, waliandika historia ya mji wao kwa Kiswahili cha Katanga. Aliyeipanga aliitwa André Yav. Ilikuwa ni kijitabu cha kupigwa chapa kwa mashine ya ofisini, si kitabu cha duka. Wapishi na madobi walieleza mji ulivyokuwa kwa macho yao. Mwaka 1990 Johannes Fabian, mtaalamu wa mambo ya jamii, alikitoa kama kitabu pamoja na tafsiri, na tangu hapo wanafunzi wa nchi nyingi wanakisoma. Wakati kilipoandikwa, ni nani angefikiri kwamba boyi atakuwa mwalimu wa chuo kikuu?

Kisha yakaja mabaya. Katika miaka ya 1992 na 1993 watu walioitwa Wakasai walifukuzwa Katanga kwa maelfu mengi. Wengi walizaliwa palepale na hawakuwahi kuiona Kasai. Walilala kwenye stesheni za treni, Likasi na kwingineko, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka "kwao". Wengine walifia njiani.

Baada ya hayo, kuanzia mwaka 2000, wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Donatien Dibwe dia Mwembu, pamoja na Bogumil Jewsiewicki aliyefundisha Kanada, waliendesha kazi iliyoitwa kumbukumbu za Lubumbashi. Wanafunzi walikwenda mitaani kusikiliza maisha ya watu: wafanyakazi wa migodi, wajane wao, watu wa kawaida. Vitu vya nyumbani, nyimbo na picha za wachoraji wa mji vilikusanywa na kuonyeshwa kwenye makumbusho. Watu walikwenda kuangalia sufuria, redio na baiskeli zao wenyewe, zimewekwa mahali pa heshima.

Sisi tunaona kwamba mfano huu unawafaa viongozi wa kambi kuliko ule wa San Francisco. Haukuhitaji mgomo. Ulihitaji watu wa kusikiliza, daftari, na uvumilivu wa kuwaacha wazee wamalize hadithi zao.

Wanaopinga wanasema nini

Wapo wanaosema masomo haya yanagawa watu. Si hoja ya kudharau. Wakoloni wa Kibelgiji nao walisoma makabila kwa bidii kubwa, wakachora ramani, wakapima pua, na katika Ruanda-Urundi wakaandika ubwoko katika vitambulisho. Elimu hiyo ilikuwa ya kutambulisha wengine, na matunda yake tunayajua. Hata masomo yanayofundishwa na wenyewe yanaweza kufunga mlango: huko Berkeley, idara ya masomo ya watu Weusi ilijitenga na wenzake mwaka 1974, na kila upande ukaendelea na njia yake. Chuo ambacho kila kabila linajisomea lenyewe tu, bila kukaa na jirani, tungesita kukipendekeza.

Lakini kuyapiga marufuku nako kuna historia yake. Jimbo la Arizona lilipitisha sheria mwaka 2010 iliyovunja masomo ya Wamarekani wenye asili ya Mexico katika shule za mji wa Tucson. Masomo yalisimamishwa mwaka 2012, na vitabu vikaondolewa madarasani. Mwaka 2017 jaji Wallace Tashima aliamua kwamba hatua hiyo ilitokana na ubaguzi. Jaji huyo, alipokuwa mtoto wakati wa vita vya pili vya dunia, alifungiwa na familia yake katika kambi ya Poston, katika jimbo hilohilo la Arizona, kwa sababu tu walikuwa na asili ya Japani. Mgogoro haujaisha: tangu Januari 2025 serikali ya Marekani imetoa amri dhidi ya mipango mingi inayohusu uanuwai wa watu, na vyuo vingine vimepunguza au kubadilisha majina ya programu zao.

Kijana wenu akitaka kusoma masomo haya, muulizeni mambo machache. Je, atajifunza kundi moja au makundi yanayokaa pamoja? Je, kuna somo la sheria na la lugha? Je, wanafunzi wanatoka nje kusikiliza watu, au wanasoma vitabu tu? Kazi zinazofuata mara nyingi ni za ualimu, huduma za jamii, utafsiri, na kwa wanaoendelea, sheria. Si digrii ya utajiri, na ni vizuri familia ijue hilo kabla ya kuuza ng'ombe.

Mtafiti akija kwenu

Bado kuna jambo linalowahusu hata wasiokuwa na mtoto chuoni. Watafiti huja katika kambi na vijiji, wakiwa na maswali kuhusu kabila na historia ya familia. Vyuo vikuu vingi vina kanuni juu ya kazi hiyo, na kanuni hizo zipo kwa ajili ya yule anayeulizwa. Kiongozi wa kambi aombe kuelezwa, kwa lugha ambayo watu wote wanaisikia, utafiti ni wa nini, nani anaulipia, na majibu yatawekwa wapi. Majina ya watu yafichwe au yabadilishwe. Orodha inayoweka pamoja jina la mtu, kabila lake na mahali anapolala isiandikwe kabisa, hata kama anayeiomba ana nia njema, kwa maana karatasi huibiwa na mikono hubadilika.

Mkiandika kumbukumbu zenu wenyewe, fanyeni vivyo hivyo. Anzeni na vijiji mlivyoishi na miaka, kazi mlizofanya, majirani mliokuwa nao na nani alimpa nani hifadhi. Daftari likae kwa mtu mnayemwamini, mbali na orodha za mgawo wa chakula.

Anayeulizwa anaweza kukataa swali moja na kujibu mengine. Anaweza pia kubadilisha mawazo kesho yake na kuomba maneno yake yaondolewe. Hakuna anayepaswa kunyimwa msaada kwa sababu hiyo, na mtafiti aseme hivyo waziwazi, mbele ya watu, kabla ya kufungua daftari lake.